Sura ya Saba: Chuma cha Bunju

Vipande viwili vya engo, chuma chenye umbo la pembe, vilikuwa mezani kwa Inspekta Sekela, juu ya gazeti la zamani. Vilitoka kwenye chuma kimoja. Jana mchana Koplo Jabiri alikikata kwa grenda ya fundi wa mageti aliye jirani na kituo, na vilipoachana, sehemu zilizokatwa zilikuwa nyeupe na kali kama wembe. Kimoja Sekela alikwenda nacho nyumbani kwake Ukonga, mbali na bahari, akakilaza dirishani. Cha pili Jabiri alikipeleka Bunju, akakiacha chini ya mnara wa tenki ulioanguka, upande unaotazama bahari.

Cha Ukonga kilikuwa bado cheupe. Cha Bunju kilikuwa kimegeuka kahawia.

"Afande, mie nilidhani unanitania," Jabiri alisema. "Usiku mmoja tu?"

"Usiku mmoja na upepo wake. Hebu nipe simu yako."

Jabiri alifungua picha alizopiga Jumamosi usiku, saa chache baada ya ajali. Sekela aliikuza moja kwa vidole viwili. Ilionyesha mguu wa mnara uliokatwa, na mahali pa kukatwa palikuwa peupe, pakali kama wembe.

Kesi nzima ilikuwa imelala juu ya mguu ule. Jumamosi jioni mnara wa chuma wenye tenki kubwa la maji ulianguka katika ua wa Kaskazi Apatimenti, ghorofa la familia kumi na mbili huko Bunju, ukamuua Clara, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akianua nguo. Polisi walipofika walikuta mguu mmoja umekatwa kwa grenda. Grenda ilikutwa chumbani kwa Polikarpo, fundi bomba anayelitunza jengo. Mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba, Mzee Isack, aliandikisha maelezo kwamba siku ya Jumatano alimwona Polikarpo juu ya mnara akikata. Kesho asubuhi fundi yule angesomewa shitaka la mauaji. Shitaka la mauaji halina dhamana. Mtu huingia mahabusu mtoto wake akiwa mgongoni, akatoka mtoto yuko darasani.

"Kama alikata Jumatano," Sekela alisema polepole, "hadi Jumamosi usiku ungepiga picha ya chuma cha kahawia. Wewe ulipiga cheupe."

"Kwa hiyo alikata Jumamosi."

"Saa ngapi Jumamosi? Kabla ya kuanguka au baada?"

Jabiri alikuna kidevu.

"Ulipomhoji," Sekela aliuliza, "alisemaje?"

"Nilimuuliza kama kakata chuma. Akasema ndiyo."

"Na ulipomuuliza lini?"

Koplo alivitazama vile vipande kana kwamba kimoja kingemsaidia kujibu. "Hapo ndipo sikufika, afande."

Sekela alivifunga vipande ndani ya gazeti, akavitia kwenye mkoba wake.

Polikarpo aliletwa mkono wa kulia ukiwa na kitambaa kichafu alichojifunga mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyezoea kuinama chini ya masinki ya watu. Sekela alimtafutia kiti kabla ya kumuuliza lolote.

"Fundi, huo mguu uliukata lini?"

"Baada ya kuanguka. Ulikuwa umemlalia mwalimu Clara kifuani. Tulikuwa wanaume wanne, tumeshindwa kuunyanyua. Nikakimbilia grenda."

"Mbona hukumwambia koplo?"

"Nilianza. Akaniambia nijibu ndiyo au hapana."

Jabiri aligeukia ukuta.

"Grenda yako ni ya umeme. Umeme uliupata wapi pale uani?"

"Kwa mama Shehnaz, nyumba ya chini. Nilipitisha waya dirishani kwake. Yeye ndiye aliyechomeka."

"Na Jumatano ulipanda mnarani?"

"Nilipanda. Nilikuwa na kopo la rangi na brashi. Mzee Isack alitaka mnara upakwe silva."

"Juu ya kutu?"

"Nilitaka kukwangua kwanza. Akasema paka hivyo hivyo."

"Una uhakika hukuwa na grenda?"

Polikarpo alimtazama kwa mara ya kwanza. "Afande, ningekata mguu wa mnara nikiwa nimekaa juu yake?"

*

Kaskazi Apatimenti ilikuwa mashariki ya barabara ya Bagamoyo, mwisho wa njia ya vumbi. Kutoka pale bahari haikuonekana, lakini Sekela aliposhuka garini na kulamba midomo aliipata chumvi yake. Ukuta uliotazama barabara ulikuwa mzuri, wa rangi ya maziwa. Alizunguka nyuma, upande wa bahari. Ukuta unaopigwa na kaskazi ulikuwa na michirizi ya kutu chini ya kila dirisha, na mahali pengine saruji ilikuwa imebanduka na nondo zikatokeza.

Minara ya matenki ilikuwa miwili, iliyojengwa siku moja. Wa magharibi ulisimama mbele, upande wa barabara, umekingwa na jengo, umebeba maji ya bomba. Ulioanguka ni wa mashariki, uliobeba maji ya kisima. Sekela alifungua bomba la maji ya kisima lililokuwa karibu ili anawe vumbi. Alisugua sabuni kiganjani mara mbili, haikutoa povu. Chumvi tupu. Tenki lilikuwa na miaka tisa likifurika juu ya chuma kile.

Alichuchumaa kwenye misingi. Mguu uliokatwa aliupita, akaenda kwenye ile mitatu ambayo hakuna aliyeipiga picha. Yote ilikuwa imevunjika juu kidogo ya zege. Kwa nje iling'aa silva. Alichukua ufunguo wa nyumbani kwake akausukuma. Ufunguo ulizama. Chini ya rangi chuma kiliachana kama maganda ya kitunguu, na maji mekundu yakachuruzika hadi kwenye vidole vyake.

"Mungu wangu," Jabiri alisema. "Hiki si chuma, afande. Huu ni ugoro."

Sekela alijipangusa kwa gazeti. Kitu kingine kilikuwa kimevuta macho yake. Sakafu pale chini ilikuwa na mistari ya maegesho, na katikati ya vyuma vilivyolala ilisomeka namba tisa. Kulikuwa na madoa ya oili, ya zamani, yaliyokauka. Juu yake, badala ya gari, kulikuwa na nguzo mbili za mbao na kamba za kuanikia nguo. Kamba zilikuwa bado mpya.

"Namba tisa ni nani?" aliuliza.

Jabiri alisoma vibao vya kengele mlangoni. "Mzee Isack."

*

Mzee Isack aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mstaafu wa utumishi, kanzu nyeupe ya nyumbani, miwani kwenye kamba shingoni. Sekela alimpa shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitika. Sebule yake ilikuwa safi. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na hotpoti yenye maua mekundu, peke yake, kama kikombe cha ushindi.

"Mmekuja kukamilisha," alisema. "Huyu bwana ametutia msiba. Kisa nini? Nilimkemea kwa uvivu."

"Mzee, nilitaka nielewe kuhusu mnara wenyewe. Ulikuwa mzima?"

"Mzima kitaalamu. Sisi hapa si wahuni. Tulifanya tathmini ya akiba ya jengo." Alivaa miwani ingawa hakukuwa na cha kusoma. "Labda hujawahi kuisikia. Vitu vya pamoja, yaani paa, ngazi, pampu, minara, mtaalamu anakadiria kila kimoja kitadumu miaka mingapi, halafu tunachanga kidogo kidogo ili kikichoka akiba iwe tayari. Minara yetu ilipewa miaka ishirini na mitano."

"Na nani?"

"Mtaalamu wa Dodoma. Mtu mzito. Ametathmini majengo mengi kule."

"Alikuja lini hapa?"

"Mama, siku hizi ni teknolojia. Tulimtumia picha."

"Picha za upande upi?"

Mzee Isack alirekebisha miwani. "Za mbele, upande wa barabara."

"Na kabla yake hapakuwa na mwingine?"

"Alikuja binti mmoja, injinia Lusungu. Alikuja na nyundo, akagongagonga siku nzima, akatutisha. Eti huku pwani mnara wa mashariki ubadilishwe ukifika mwaka wa saba. Eti upepo, eti maji ya kisima. Ukimsikiliza yule ungedhani jengo limetengenezwa kwa sukari. Wenye nyumba wakalalamika mchango utakuwa mkubwa. Tukaitisha mkutano, tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, tathmini ya Dodoma ikapita. Demokrasia."

"Tofauti ya miaka kumi na minane haikuwashangaza?"

"Chuma ni chuma, mama. Cha Dodoma na cha Dar kinatoka kiwanda kimoja."

Sekela alifungua gazeti, akaviweka vile vipande viwili juu ya kitambaa cha meza, kimoja kando ya kingine.

"Hivi ni pacha," alisema. "Vilikatwa jana mchana. Hiki kililala Ukonga. Hiki kililala hapa uani kwenu. Dodoma sikuwa na nafasi ya kufika."

Mzee Isack hakuvishika. Alivuta kitambaa kidogo ili kutu isiguse sehemu nyeupe.

"Hayo ya kitaalamu mie siyajui," alisema. "Ninachojua nilimwona Jumatano na grenda."

"Gari lako unaegesha wapi siku hizi, mzee?"

"Gari linahusikaje?"

"Nauliza tu."

"Mbele. Upande wa barabara. Kuna kivuli."

Sekela alishukuru, akavikusanya vipande vyake. Chini walilikuta gari, dogo, jeupe, limeoshwa asubuhi ile. Jabiri alilizunguka akipiga mluzi, kisha mluzi ukakatika. Kwenye boneti na kwenye paa kulikuwa na vidoa vya kahawia, vingi, vidogo kama ulezi, vimekula rangi na kukataa kuoshwa. Sekela alipitisha kidole. Mbele ya jengo, chini ya mnara wa magharibi, hapakuwa na kutu ya kudondoka. Vile vidoa vilikuwa vimekuja na gari.

*

Mama Shehnaz alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, na nyumba yake ya chini ilinukia iliki na dawa ya nzi. Aliwakaribisha jikoni kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Dirisha la jiko lilitazama moja kwa moja namba tisa.

"Waya ulipita hapa?" Sekela aliuliza.

Mama Shehnaz alifunga dirisha kwanza. "Ulipita. Mimi mwenyewe nilichomeka. Clara alikuwa bado anaongea. Aliomba maji."

"Kabla mnara haujaanguka, ulisikia grenda?"

"Grenda inalia kama paka mwenye wazimu, binti yangu. Ingelia kabla tungetoka wote. Ililia baada."

"Jumatano?"

"Jumatano alikuwa anapaka rangi. Silva ilidondoka mpaka kwenye mimea yangu ya kotmiri."

Jabiri aliacha kuandika. "Sasa mama, mtu ana siku ya ngapi yuko ndani. Mbona umenyamaza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Ukasubiri uulizwe?"

Mama Shehnaz alivuta mtandio. "Mwenyekiti alituita Jumapili usiku. Alisema polisi wasiongee na mtu mmoja mmoja, yeye atasema kwa niaba ya umoja. Alisema ikiwa ni fundi, ni mtu mmoja. Ikiwa si fundi, ni sisi sote."

"Kwa nini nyie sote?"

"Kwa sababu ya mikono. Yule injinia alitueleza kwa ufasaha, akatuonyesha. Mimi dukani ninajua kitambaa cha pwani na cha bara, pazia linalodumu Arusha hapa linaoza. Nilijua binti anasema kweli. Nikanyoosha mkono kwa ajili ya mtu wa Dodoma. Sote tulinyoosha. Hata Wilbert, mume wa Clara."

Sekela alihisi ladha mbaya mdomoni, na haikuwa chumvi ya upepo. Alikuwa bado na swali moja.

"Kamba za nguo ziliwekwa lini pale?"

"Mwezi huu huu. Zamani tulikuwa tunaanika juu kwenye paa. Mwenyekiti akasema atatupa nafasi yake ya gari, yeye atasogea mbele, upande wa barabara. Tulimsifu sana. Clara alimpikia pilau, akampelekea kwenye hotpoti yake mpya. Baadaye shuka zake zikaanza kupata madoa ya kahawia kutoka juu. Akaenda kumwambia mwenyekiti."

"Ndipo rangi ikapakwa."

"Ndipo rangi ikapakwa," mama Shehnaz alisema. "Madoa yakaisha."

*

Walipopanda tena, mlango ulikuwa wazi na mtu mwingine yuko sebuleni kwa Mzee Isack. Alikuwa Wilbert, mume wa marehemu, mwalimu kama mkewe, shati lake halijapigwa pasi. Alikuwa amekuja kumuuliza mwenyekiti kesho waondoke saa ngapi kwenda mahakamani.

"Bora umekuja afande," alisema. "Nataka nikae mbele. Nataka yule mtu anione."

"Pole sana mwalimu. Kaa kidogo." Sekela hakukaa. "Mzee Isack, nitakuuliza mbele yake, kwa sababu ana haki ya kusikia. Gari lako lilipata madoa gani?"

"Ni uchafu wa kawaida."

"Ni kutu. Ilidondoka kutoka mnarani ulipokuwa unaegesha chini yake. Ukalihamisha."

"Kuhamisha gari si kosa. Rangi ilikuwa inaharibika."

"Si kosa. Ulipolihamisha, pale palipobaki ukawapa wanawake waanike nguo."

"Walikuwa wanahangaika kupanda juu. Niliwasaidia."

"Kisha Clara akaja kukuambia chuma kinadondoka kwenye shuka. Polikarpo akataka kukwangua. Ukamkataza. Kwa nini?"

Mzee Isack alivua miwani. "Pangeonekana vibaya. Kulikuwa na mtu anataka kununua namba nne. Ukikwangua pale, kisingebaki chuma." Alikuwa amesikia alichokisema.

Wilbert alisimama polepole.

"Ulijua," alisema.

"Sikujua. Nilihisi. Kuhisi si kujua, mwalimu. Mtaalamu alisema miaka ishirini na mitano, mimi ni nani nibishane na mtaalamu? Na wewe ulikuwepo. Ulinyoosha mkono kama wengine."

"Nilinyoosha," Wilbert alisema. Alirudia kwa sauti ndogo zaidi. "Nilinyoosha. Clara aliniuliza nyumbani kwa nini. Nikamwambia mchango ni mdogo."

Nje upepo uligonga dirisha ambalo bawaba zake zilikuwa zimeliwa, likafunguka na kujifunga lenyewe.

"Inspekta," Mzee Isack alisema, akigeuza kiti kumwelekea Sekela peke yake, sauti yake ikiwa imeshuka, ya watu wazima wanaoelewana. "Tuongee kama watu. Fundi hana familia hapa mjini. Hapa kuna familia kumi na mbili, watu wenye majina. Mkisema ni mnara, tunaingia sote, hata huyu mfiwa. Mkiacha kama ilivyo, mtu mmoja tu ndiye anayeingia. Wewe ni mama, nadhani unaona lipi lina madhara madogo."

Sekela alikuwa amewahoji wezi, wabakaji na mtu aliyemzika ndugu yake chini ya jiko, na kwa desturi yake hakumhukumu yeyote kabla ya kumsikiliza hadi mwisho. Huyu alikuwa amefika mwisho. Alijikuta akijifuta mkono kwenye sketi, ule ule aliokwisha kuufuta.

"Jabiri," alisema bila kuinua sauti, "piga simu kituoni. Polikarpo atafutiwe daktari wa mkono, na faili lake lisiende mahakamani kesho. Mama Shehnaz aandikishe maelezo yake leo. Injinia Lusungu mtafute, mwambie aje na nyundo yake." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, vaa viatu. Tunakwenda pamoja. Tutaanza na Jumatano, ile ya grenda."

"Mimi ni mgonjwa wa presha."

"Chukua dawa zako."

Mzee Isack alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta kura. Wilbert hakumtazama. Alikuwa ameona kitu juu ya kabati. Alikwenda akakishusha kwa mikono miwili: hotpoti ya maua mekundu. Aliigeuza chini juu. Herufi za jina la mkewe zilikuwa zimechorwa kwa rangi ya kucha, jinsi alivyotia alama vyombo vyake vyote ili visipotee kwenye shughuli za watu.

"Nilipanga kuirudisha," Mzee Isack alisema haraka. "Chombo cha jirani hakirudi kitupu, unajua mwenyewe. Ndiyo maana imekawia. Nilikuwa sijapata cha kutia."

Wilbert alifungua mfuniko, akatazama ndani. Palikuwa pameoshwa, pasafi, pamekauka. Aliufunga akaukaza mpaka ukalia.

"Sasa umepata. Umetia msiba," alisema, akatoka nayo.